Je, nyasi za bonde la mchangani ndizo zinazokausha kisima?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Tuna shamba la familia karibu na Mambrui, kaskazini mwa Malindi. Nyuma ya vilima vya mchanga kuna bonde la kama ekari mbili. Masika hujaa maji hadi magotini, kiangazi hukauka, lakini mwaka mzima lina nyasi nene, nyingine zenye ncha za kuchoma. Kisima chetu kiko hatua themanini kutoka hapo. Mwaka juzi tuliweka pampu ya sola, tunamwagilia mchicha na bamia. Mwaka huu maji yamepungua na yameanza kukolea chumvi. Mjomba anasema nyasi ndizo zinazonyonya maji, tena zinafuga mbu. Anataka tufyeke, tufukie kidogo, tupande mivinje ya kuuza nguzo. Mimi nina shaka. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na salamu zangu zimfikie mjomba. Nitangulize jibu, maelezo yafuate. Msifukie. Mivinje msiipande bondeni, hata kama mtaipanda kwingine. Nyasi ziacheni, maana ndizo kipimo cha maji mlichopewa bure. Ugonjwa wa kisima chenu mimi nautafuta kwanza kwenye pampu.

Mjomba hakukosea aliposema nyasi zinakunywa. Kila chenye jani bichi kinakunywa. Alipopotea ni kwenye kina, na ili tuelewane juu ya kina inabidi tujue bonde hilo lilichimbwa na nani.

Lilichimbwa na upepo. Mchanga wa Mambrui sehemu kubwa umeletwa na mto Sabaki, unaokuja na udongo wa bara kutoka mbali kabisa, kwenye mito ya Athi na Galana. Matumbawe ya Malindi yametunza kumbukumbu ya udongo huo katika mifupa yao, na kumbukumbu hiyo inaonyesha kwamba mto ulianza kuleta tope jingi zaidi mwanzoni mwa karne ya 20, mashamba ya bara yalipoanza kumomonyoka. Bahari hulichuja tope, ikarudisha mchanga ufukweni. Kusi likivuma, mchanga mkavu hupanda, hutambaa, hujenga vilima. Lakini upepo una mpaka wake. Mchanga mbichi haupeperuki. Mtoto yeyote aliyewahi kujenga nyumba za mchanga pwani anajua hilo. Basi upepo hukwangua pale penye uwazi kati ya vilima, siku baada ya siku, mpaka unapofika kwenye mchanga uliolowa kutoka chini. Hapo unaachia. Sakafu ya bonde lenu, kwa hiyo, haikujitokea tu. Iko karibu na usawa wa maji ya chini ya ardhi ya miaka ya ukame. Masika maji hayo hupanda yakatokeza juu, mkaona ziwa. Kiangazi hushuka, mkaona nyasi. Si maji ya mvua yaliyotuama juu ya udongo wa mfinyanzi kama madimbwi ya bara. Mnachokiona ni maji yaleyale ya kisima chenu, yamejitokeza nje.

Maji hayo yanakaa juu ya nini? Juu ya bahari. Mvua ya pwani yenu, kama milimita 1,000 kwa mwaka, hupenya mchangani na kwenda kuelea juu ya maji ya chumvi yaliyopenya kutoka upande wa ufukwe, kwa sababu maji matamu ni mepesi kidogo. Mholanzi Badon Ghijben mwishoni mwa miaka ya 1880, na Mjerumani Herzberg mwaka 1901, kila mmoja kwa njia yake, waliikokotoa hesabu ambayo wachimba visima wa pwani wangepaswa kuijua kama wanavyojua bei ya saruji: kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Inasikika kama utajiri. Igeuze sasa. Ukishusha usawa wa juu kwa sentimita 10 tu na kuuacha hapo, chumvi ya chini inatafuta kupanda mita 4. Haipandi leo wala kesho. Inapanda polepole, na chini ya kisima kinachopampwa kwa nguvu hupanda kwa haraka zaidi, ikichongoka kama kichuguu kuelekea mdomo wa bomba. Kisima kilichokuwa kitamu kwa miaka mingi kikianza kukolea chumvi mwaka mmoja au miwili baada ya pampu kufungwa, mimi sianzi kuzilaumu nyasi.

Nyasi zenyewe sasa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wengi hupita kwenye bonde kama lenu wakaona kijani kimoja tu.

Chukua jembe, ung'oe tita moja la nyasi katikati ya bonde, pale ambapo udongo bado unalowesha kiganja. Suuza mizizi kidogo tu, usiisugue. Utaona kitu cha ajabu: mchanga kuzunguka ni wa kijivu, pengine mweusi, na ukiunusa una harufu ya yai viza, lakini kila mzizi umevaa soksi ya rangi ya kutu. Ni kutu kweli. Mchanga uliojaa maji hauna hewa, na mmea wa kawaida hapo ungeoza. Mimea hii imejitengenezea mirija ya hewa ndani ya majani na mabua, inavuta oksijeni kutoka juu na kuiteremsha hadi mizizini. Oksijeni kidogo huvujia nje, ikakutana na chuma kilichoyeyuka majini, kikapata kutu palepale. Kata bua la ndago kwa wembe ulitazame dhidi ya mwanga: lina matundu kama sifongo. Mara ya kwanza kuonyeshwa hayo nilikuwa mwanafunzi, na nilimsumbua mwalimu wangu siku nzima nikitaka kukata kila bua lililosimama.

Ukiwa na wembe huohuo, jifunze kuzitenganisha. Nyasi za kweli zina pingili kama muwa. Ndago na jamaa zake hazina pingili, na bua lao aghalabu lina pembe tatu. Lizungushe kati ya kidole gumba na cha shahada, utazihisi. Kabila la tatu lina mabua ya mviringo, laini, yasiyo na pingili, kama sindano ndefu za kijani. Zote tatu kwa macho ya haraka ni nyasi, lakini kila moja inasema habari tofauti juu ya maji.

Tembea sasa kutoka kilimani kuteremka bondeni. Juu kwenye mchanga mkavu kuna mlakasa (Ipomoea pes-caprae), ule mtambaa wenye maua ya zambarau na majani kama kwato za mbuzi, pamoja na nyasi ngumu za matita makubwa, Halopyrum mucronatum, na ndago ya mchangani, Cyperus crassipes. Hizi ndizo zinazoshikilia kilima kisiwamwagikie. Ukishuka ukingoni mwa bonde utakutana na zile zenu zenye ncha za kuchoma. Kwa maelezo yako nadhani ni Sporobolus virginicus: majani mafupi, magumu, yamepangika pande mbili za bua kama mwiba wa samaki, na shina linalotambaa chini ya mchanga. Lamba jani lake mchana wa kiangazi. Likiwa na chumvi ulimini, ujue mmea unaitema chumvi kupitia vitundu vya majani, maana yake mizizi imeshaigusa. Katikati, panapokaa maji muda mrefu, ndago huwa nyingi na nyororo zaidi, na hizo hazipendi chumvi.

Kwa hiyo bonde lenu lina pete, na pete hizo husogea. Pete ya nyasi za ncha ikianza kuingia katikati na kuzisukuma ndago, maji yanakolea chumvi. Mlakasa na vichaka vya kilimani vikiteremka na kuota sakafuni, maji yameshuka. Na matete au ile mimea mirefu yenye kichwa cha kahawia kilichojaa sufi ikizuka kwa wingi upande mmoja, mara nyingi kuna rutuba inayovuja: choo cha shimo, zizi, au mbolea ya bustani. Mchanga wa vilima ni maskini wa chakula cha mimea, na umaskini huo ndio unaoziacha nyasi fupi ziishi nyingi pamoja. Mpe mmoja mkubwa chakula, atawafunika wengine wote. Kabla hamjafyeka chochote, piga picha ya pete hizo. Mwakani mtaihitaji.

Turudi kwenye hoja ya mjomba. Nyasi na ndago hizi mizizi yake iko kwenye nusu mita ya juu, baadhi hufika mita moja. Maji yanapokuwa karibu, zinakunywa, na zinakunywa sana. Lakini hata mkizing'oa zote, maji yaliyo wazi kwenye jua la Malindi yatapaa hewani vilevile, huenda kwa kasi isiyopungua sana. Na maji yakishuka chini ya mizizi, nyasi hugeuka rangi ya majani makavu na kunyamaza. Zimejifungia bomba zenyewe. Mti haufanyi hivyo. Mvinje mkubwa huteremsha mizizi mita kadhaa, na majira ya kaskazi, nyasi zikiwa zimelala, wenyewe bado ni kijani. Ukiona kijani hicho mwezi wa pili jiulize kinalipiwa na nani.

Jambo hili limeshapimwa mahali panapofanana sana na kwenu. Kaskazini mwa KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, kuna vilima vya mchanga vinavyopita mita 150 kwa kimo, na nyuma yake mabonde ya nyasi na maziwa matamu. Sehemu kubwa leo ni hifadhi ya iSimangaliso, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1999. Katika karne iliyopita sehemu za vilima hivyo zilipandwa misonobari ya biashara. Maji ya chini yakashuka, mabonde yakakauka. Misonobari ilipoondolewa upande wa mashariki wa ziwa St Lucia, mabonde yakaanza kulowa tena. Wenyeji wa huko, Wazulu, wana mmea wa bondeni wanaouita incema (Juncus kraussii), wa kabila lile la sindano za kijani. Huukata kwa msimu maalumu, wakafuma mikeka ya kulalia na ya harusi. Nasema hivi kwa sababu kwetu ukindu tunauheshimu, ila mabua ya bondeni tunayaita magugu.

Simdharau mvinje. Unajua kisa cha machimbo ya Bamburi pale Mombasa: René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alipoanza mwaka 1971 kujaribu kuotesha miti juu ya mwamba uliochimbwa mpaka ukabaki mweupe, alijaribu aina 26, zikapona tatu tu, mvinje mmojawapo. Mti huo una vijidudu mizizini vinavyonasa naitrojeni ya hewani, ndiyo maana haujali ardhi maskini. Lakini sifa hiyohiyo ndiyo kasoro bondeni: unarutubisha mchanga uliotakiwa kubaki maskini, na majani yake ya sindano huanguka yakawa zulia ambalo halipenywi na kitu. Kule Bamburi zulia halikuoza mpaka Haller alipoleta majongoo wakubwa kulitafuna. Kama mjomba anataka nguzo, na ni biashara nzuri tu pwani, apande upande wa bara wa shamba, mbali na bonde na mbali na kisima, penye udongo mwekundu ikiwa mnao.

Mbu. Hapa siwezi kumpa mjomba sifuri. Mbu wa malaria wako wa namna nyingi, na kila mmoja ana makazi yake. Anopheles gambiae na arabiensis hupenda vidimbwi vidogo vilivyo wazi juani, visivyo na majani: alama za kwato, mashimo ya matofali, nyayo za magari. Mkifyeka na kulifukia bonde nusunusu, mtakuwa mmewajengea. Anopheles funestus ndiye anayependa maji yaliyokaa muda mrefu yenye mimea. Na Anopheles merus wa pwani huzaa kwenye maji yenye chumvichumvi, kwa hiyo bonde likikolea chumvi mnabadilisha mbu tu, hamumwondoi. Bonde linalokauka kila mwaka na lenye vyura, kereng'ende na wadudu wa majini si kiwanda cha mbu kama pipa lililo wazi nyuma ya jiko. Lala ndani ya neti, ziba mapipa, na fukia yale mashimo madogo ya karibu na nyumba. Hayo ndiyo ya kufukia.

Kisima sasa. Wenzetu wa Amsterdam walianza kunywa maji ya vilima vya mchanga mwaka 1853. Mji ukakua, pampu zikaongezeka, na mabonde ya nyasi yaliyokuwa na okidi na ndago adimu yakakauka yakawa vichaka. Kisha chumvi ikaanza kupanda kutoka chini. Mwaka 1957 wakaanza kuleta maji ya mto Rhine na kuyapenyeza mchangani ili kujaza walichokitoa. Maji ya mto yakaja na rutuba yake, na kandokando ya madimbwi pakaota magugu makubwa yasiyokuwa ya pale. Mji tajiri umehangaika na suala hili zaidi ya karne moja na nusu. Karibu nasi zaidi ni Lamu, unaokunywa kutoka visima vya vilima vya Shela. Kila chumba cha wageni kinachoongezwa pale kinakunywa kwenye tone lilelile linaloelea. Ninyi mna ekari mbili na pampu moja, kwa hiyo bado mna nafasi ya kurekebisha.

Nunueni bomba la plastiki la inchi mbili, mita tatu. Toboeni vitundu kwenye mita moja ya chini, funikeni sehemu hiyo kwa kitambaa cha neti kuukuu, mlizamishe bondeni mpaka lipite usawa wa maji ya kiangazi, na mfunike juu kwa kizibo. Jingine liwekeni katikati ya bonde na kisima. Kila mwezi teremsheni uzi wenye kizito, mpime maji yako umbali gani kutoka mdomoni, muandike kwenye daftari. Kifaa cha kupimia chumvi, kile kidogo cha mkononi, kinafaa pia: husoma kwa maikrosimensi, yaani jinsi maji yanavyopitisha umeme, na chumvi ikizidi namba hupanda. Maji ya bahari hupita maikrosimensi 50,000 kwa sentimita, kisima chenu kikiwa chini ya 1,000 ni kitamu, kikielekea 3,000, bamia zitaanza kulalamika kabla yenu. Pampu msiiendeshe kutwa kwa sababu tu jua lipo. Hilo ndilo kosa la sola: haina bili ya mafuta ya kuwakumbusha kuizima. Endesheni kwa muda wa saa moja asubuhi na muda wa saa moja alasiri, mjaze tangi, na bomba la kunyonyea mlipandishe juu kadiri maji yanavyoruhusu, msilitupe chini kabisa. Kama mtahitaji maji zaidi, chimbeni visima viwili vifupi vilivyo mbalimbali, si kimoja kirefu.

Choo nacho kisogezeni. Mita 30 kutoka kisimani zinazotajwa mara nyingi ni za udongo wa kawaida. Mchangani maji machafu hutembea upesi, na mimi ningeenda mbali zaidi, tena upande ambao maji hayateremkii kisimani.

Mifugo wachache bondeni wakati wa kiangazi hawana ubaya. Wakizikata nyasi zikawa fupi, mnaweza hata kumpata mgeni wa heshima: Anthus melindae, ndege mdogo wa kahawia mwenye michirizi kifuani, anayekimbia chini badala ya kuruka. Jina lake ni la Malindi, na hapatikani popote duniani ila pwani ya Kenya na kusini mwa Somalia, kwenye nyasi fupi zinazofurika kwa msimu kama zenu. Mdomo wa Sabaki ni moja ya sehemu anazoonekana. Ng'ombe wengi ni jambo jingine: wakivunja zulia la nyasi pale ukingoni mwa kilima, kusi litaingilia hapo, na kilima kitaanza kutembea kuja shambani.

Na kabla mjomba hajaita trekta, mkumbushe kwa adabu kwamba sheria ya mazingira ya Kenya ya mwaka 1999 inataka kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, kabla ya kukausha au kufukia bonde kama hilo, hata likiwa ndani ya shamba la mtu. Ila usianze na sheria. Anza na tita la nyasi lenye soksi za kutu, umwekee mkononi, halafu umwonjeshe jani la ncha na maji ya kisima, kimoja baada ya kingine.

Kipimo cha kwanza cha mabomba kichukueni mwishoni mwa mwezi wa tatu, kabla mvua hazijashuka, asubuhi na mapema, pampu ikiwa haijawashwa tangu jana yake.